Chumvi Kwenye Tangi la Kilimani

Ninyi mnaoingia kwenye kazi ya maji leo mnakuta kila kitu kina kioo kinachowaka namba. Pampu ina kioo, tangi lina kioo, hata dawa ya kutibu maji inapimwa na kidude cha kutia mfukoni. Sina kinyongo na vioo hivyo. Ila namba moja peke yake haisemi mengi. Ukiniambia tangi lina maji mita mbili, nitakuuliza, yanapanda au yanashuka? Ukinijibu yanashuka, nitakuuliza tena, yanashuka kwa kasi ile ile ya asubuhi, au kasi yenyewe nayo inabadilika? Swali hilo la pili ndilo lililonifanya niipende kazi hii, na nililipata ukubwani.

Nilizaliwa Fukayosi, nyumba ya wakulima wa mihogo na ufuta, nikasomea ufundi sanifu wa maji, nikazunguka vijiji vya Bagamoyo mpaka nikastaafu. Chuoni walitufundisha kidogo hesabu za kasi ya mabadiliko, zile zinazoitwa vitabuni milinganyo tofautishi. Nilizikariri, nikafaulu mtihani, nikazisahau kabla sijafika nyumbani. Sikujua kwamba zinazungumzia maji.

Aliyenijulisha ni Mhandisi Salma. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, mdogo kwangu kwa umri, mkubwa kwangu kwa cheo. Mimi nilimwita Mhandisi, yeye aliniita Kaka Shabani, na hivyo ndivyo tulivyoitana miaka yote. Siku yetu ya kwanza pamoja tulikwenda kusafisha tangi upande wa Makurunge. Tulifungua koki ya chini maji yatoke, na baada ya saa mbili yalikuwa yameshuka hadi nusu. Nikawaambia vibarua waende wakale, wakirudi baada ya saa mbili nyingine watakuta tangi kavu.

Salma hakunipinga. Alisema tu, "Kaka Shabani, kuna ufito mrefu pale. Naomba tuwe tunapima kina kila baada ya muda, nataka kuona."

Tukapima. Vibarua wakarudi wameshiba, wa kwanza akaruka ndani kwa kujiamini, na maji yakamfika juu ya magoti. Akasimama mle na fagio lake kaliinua juu lisilowe, ananitazama. Tulisubiri tena muda mrefu kuliko ule wa mwanzo mpaka sakafu ikaonekana.

"Maji yakiwa mengi yanajisukuma yenyewe," Salma aliniambia tukiwa tumekaa kivulini mwa tangi. "Yakipungua, kinachoyasukuma nacho kimepungua. Kwa hiyo kasi ya kutoka inategemea kilichobaki ndani, na kilichobaki kinategemea kasi ya kutoka. Vinavutana."

"Sasa nitajuaje litakauka lini?"

"Hicho ndicho kinachoandikwa kwenye ule mlinganyo. Hauanzi kwa kukuambia litakauka lini. Unakuambia, kwa maji yaliyopo sasa hivi, dakika hii yanashuka kwa kasi gani. Ukilijua hilo kwa kila dakika, unaunganisha, unapata safari nzima."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa.

Lakini kisa ninachotaka mkijue ni cha kijiji kimoja upande wa Mkange, ukielekea Saadani. Jina lake nitalihifadhi. Maji yao yalitoka Mto Wami. Pampu iliyasukuma hadi kwenye tangi la zege lililo juu kilimani, na kutoka hapo yalishuka yenyewe kwenda kwenye mabomba ya kijijini na kwenye zahanati. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa kirefu, mto ukapungua. Kisha likaja bamvua kubwa, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari ikapanda mtoni mbali kuliko ilivyozoeleka. Kijana anayeendesha pampu alikuwa akiwasha kabla ya alfajiri kila siku, na siku hiyo naye aliwasha. Kulipokucha, wa kwanza kuchota alitema.

Simu ya yule kijana ilinikuta ofisini nikifunga kiatu. Nikampa Salma, akamwambia yule kijana, "Zima sasa hivi. Maji yakishaanza kupwa, shuka mtoni uonje. Yakiwa matamu, washa. Yakianza kujaa, zima tena." Tukaondoka.

Tulipofika jua lilikuwa limeshapanda, mto umekupwa, na pampu inanguruma. Maji matamu yalikuwa yanaingia juu ya tangi lenye maji ya chumvi. Nusu ya kijiji ilikuwa kilimani. Mzee Kibwana, mwenyekiti wa kijiji, alitupokea.

"Shikamoo mzee," tulisema.

"Marahaba. Poleni na safari. Haya maji tumwage. Nimeshasema tufungue koki ya chini, lakini mnaona wenyewe."

Tuliona. Koki ya chini ilikuwa ndani ya kishimo kilichofunikwa kwa mfuniko wa zege, na juu ya mfuniko alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, kanga kajifunga kiunoni, kakunja mikono. Huyo ni Bi Mwanaidi, mjumbe wa kamati ya maji. Mdogo wake, Zaina, alikatwa mkono na mamba wakati kijiji kilipokuwa bado kinachota mtoni. Aliyemvuta Zaina kutoka majini ni yeye.

"Nina swali moja kwa wataalamu," alisema bila kuinuka. "Mkimwaga lote, litajaa lini?"

Salma akamjibu kweli. "Pampu itafanya kazi maji yakipwa tu. Kesho kutwa, pengine baada ya hapo."

"Na mpaka kesho kutwa tunakunywa nini?"

Kutoka pale kilimani mto unaonekana vizuri, umejikunja katikati ya miti.

Mzee Kibwana hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alikuna kidevu akasema, "Basi tusimwage. Tangi hili tupu linajaa kwa siku moja ya kupampu, sivyo? Tupitishe maji matamu ya siku moja, mabomba yakiwa wazi. Yanaingia huku, yanatoka kule. Mwisho wa siku chumvi yote imekwisha."

Niliona hesabu hiyo imekaa vizuri kabisa, nikaitikia kwa kichwa. Nikamwona Salma anatabasamu kidogo, ndipo nikakumbuka yule kibarua na fagio lake.

"Bi Mwanaidi," Salma alisema, akachuchumaa mbele ya ule mfuniko, "ukipika mchuzi ukazidisha chumvi, halafu ukawa unachota kikombe unamwaga, unaongeza kikombe cha maji, unakoroga, unachota tena, itakuwaje?"

Bi Mwanaidi alimtazama kama mtu anayetafuta mtego. "Kikombe cha kwanza kinatoa chumvi nyingi."

"Na cha kumi?"

"Cha kumi kinatoa kidogo. Si mchuzi wenyewe umeshapoa chumvi." Akaongeza, "Kwa hiyo haiishi haraka."

"Haiishi haraka. Mzee Kibwana, tukipitisha maji ya tangi zima, chumvi itakayobaki ni zaidi ya theluthi." Akachukua kijiti, akachora mchangani mstari unaoteremka kwa ukali, kisha unalegea, kisha unakaribia kulala. "Kinachobadilika ni kinachoingia ukitoa kinachotoka. Chumvi inayoingia sasa hakuna. Inayotoka inategemea iliyopo. Kadiri inavyopungua, ndivyo inavyopungua polepole zaidi."

Watu walikusanyika kuutazama ule mstari. Mzee mmoja akauliza kama unagusa chini mwisho wake. Salma akasema, kwa hesabu hiyo haugusi kamwe, ila unakaribia mpaka ulimi hauwezi kujua. Wakacheka, hali ikatulia. Tukakubaliana mabomba yafunguliwe yamwage, pampu iendelee kuingiza, na ikifika adhuhuri tupime. Salma akaweka alama kwenye ule mstari mahali ambapo mita ya chumvi ilipaswa kusoma saa hiyo. Bi Mwanaidi aliendelea kukalia mfuniko.

Adhuhuri tukapima kwenye bomba la kwanza. Mita ilisoma vile vile kama asubuhi. Haikushuka hata kidogo. Nikaifuta kwa shati, nikapima tena kwenye bomba la zahanati. Vile vile.

Hapo hali ikabadilika. Muuguzi wa zahanati alikuwa na wazazi wawili wodini, wanawake waliotoka kujifungua, na maji ya ndoo moja. Kisha tukaona wanawake wameanza kuteremka njia ya mtoni na ndoo zao, mmoja, halafu watatu, halafu msururu. Bi Mwanaidi aliwatazama, akainuka kwenye mfuniko, akawafuata karibu kwa mbio.

Mfuniko ukabaki bila wa kuukalia. Nilidhani Mzee Kibwana atafungua koki. Alisimama pale, akauangalia mfuniko, kisha akawaita vijana akawaambia wachukue fito na mapanga, waende ukingoni kuwalinda. Akanigeukia. "Mwambieni mhandisi afikiri haraka," akasema, naye akateremka pamoja nao.

Salma alikuwa amekaa chini mbele ya mchoro wake. Nimefanya kazi na wahandisi ambao namba ikiwakataa wanaikasirikia mita, au wanamkasirikia fundi. Yeye alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza. Macho yalikuwa mchangani.

"Kaka Shabani," alisema, "huu mstari una jambo unaloliamini na sijaliuliza. Unaamini tunakoroga."

"Kukoroga vipi?"

"Kikombe kikiingia, kimechanganyika na mchuzi wote papo hapo. Kule juu nani anakoroga?"

Nikainua macho. Bomba la kuingizia maji, lile linalopita juu ya ukingo wa tangi, nililijua vizuri maana nililifunga mimi. Mdomo wake niliuinamisha ukutani ili maji yasipige kelele. "Hakuna anayekoroga," nilisema. "Maji yanateleza ukutani polepole kama mafuta. Na maji ya bahari ni mazito."

Tukatazamana. Mazito yamelala chini. Mabomba ya kijijini yanatoa maji kutoka chini. Kwa hiyo tangu asubuhi kijiji kilikuwa kinamwaga chumvi tupu, na maji matamu yalikuwa yanakaa juu yake yanangoja.

"Hiyo ni dhana nyingine tu," Salma alisema haraka. "Tuipime kabla hatujaipenda."

Nikachukua chupa tupu ya plastiki, nikaifunga jiwe, nikatia kizibo cha gunzi la mhindi chenye uzi wake. Unaizamisha mpaka kina unachotaka, unavuta uzi, kizibo kinatoka, chupa inajaa hapo hapo. Mtakapokuwa hamna kifaa cha kuchukulia maji kwa kina, hiki kinatosha. Nikapanda ngazi, nikafungua mfuniko wa juu. Chupa ya kwanza niliijaza karibu na uso wa maji, nikaonja kabla ya kuishusha. Matamu. Nikanywa tena, safari hii kwa sababu ya kiu. Chupa ya katikati mita ilisoma chumvi ndogo. Ya chini ilikuwa bahari.

"Ni tabaka mbili," Salma alisema kutoka chini, akiwa ameshika mita kwa mikono miwili. "Basi mstari wetu hauteremki vile. Utakaa juu, utakaa juu, halafu utaanguka mara moja."

Sasa koki aliyotaka kuifungua Mzee Kibwana ndiyo iliyokuwa dawa, ila kwa namna nyingine. Tulifunga mabomba yote ya kijijini. Nikaingia kishimoni nikaifungua koki ya chini robo tu, maana ukiifungua yote maji yanazunguka na kukoroga, na kukoroga ndiko tulikokuwa hatukutaki. Salma alikaa kwenye mdomo wa bomba la kumwagia, anapima, ananisomea. Juu. Bado juu. Nilianza kuwaza kama na dhana hii nayo itatusaliti. Bado juu. Nilisikia sauti za watu mtoni, sikuweza kujua ni sauti za nini.

"Imeanza," akasema. Kisha, "Inaanguka. Kaka, inaanguka." Akaacha kusoma namba akawa anahesabu pumzi tu, mpaka akasema, "Funga."

Tangini yalibaki maji pungufu kidogo ya nusu, na yalikuwa yanafaa kunywewa. Tukafungua mabomba kusafisha masalio ya chumvi, tukaanza na la zahanati, na muuguzi akasimama mlangoni na ndoo mpaka mita ilipokubali.

Nilijaza jagi, nikamwomba kijana wa bodaboda anipeleke mtoni. Nilichokikuta pale hakijanitoka. Wanawake walikuwa wamesimama juu ya ukingo na ndoo tupu. Vijana walikuwa wanapiga maji kwa fito. Bi Mwanaidi alikuwa amesimama kati ya wanawake na mto, kaitandaza mikono. Mbele kabisa ya wale wanawake alikuwa Zaina, mdogo wake. Tangu siku ile ya mamba hakuwahi kukanyaga mtoni. Alikuja kwa sababu mmoja wa wale wazazi wa wodini ni binti yake.

Nilimpa Bi Mwanaidi jagi. Akanywa, akanywa tena. Akampa Zaina. Zaina alilishika kwa mkono wake mmoja, akanywa taratibu, na maji yakamtiririka kidevuni. Kisha akageuka akapanda njia ya kurudi, na wote wakamfuata.

Mzee Kibwana alinisindikiza nyuma yao. "Kwa hiyo kumwaga kulikuwa sawa," alisema.

"Kumwaga chini tu, mzee. Na si yote."

"Lakini kulikuwa sawa."

Nikamkubalia. Alistahili.

Siku hizi hesabu zile mnaipa kompyuta, na inazimaliza kabla hujakaa vizuri kitini. Ni jambo jema, Salma angelia kwa furaha kuipata enzi zile. Ninachowaomba ni kwamba pembeni ya kila jibu mwandike mlichokiamini mlipoandika mlinganyo. Tumeamini maji yanachanganyika. Tumeamini kinachoingia hakina chumvi. Tumeamini hakuna bomba linalovuja. Jibu likikataa kufanana na bomba, usianze kuifuta mita kwa shati kama mimi. Anza na orodha hiyo, uiulize kimoja kimoja. Na mkiona kitu chochote kinabadilika, homa ya mtoto, bei ya nyanya, nyasi kwenye kiwanja cha mpira, jiulizeni mnachouliza kwa maji: nini kinaingia, nini kinatoka, na kasi yake inategemea nini?

Tulirudi kijijini baadaye kubadilisha saa za kupampu zifuate kupwa na kujaa kwa maji. Tulipomaliza, Bi Mwanaidi alikuwa anatungoja. Nilidhani ana malalamiko.

"Mhandisi," alisema, "nina kisima shambani, cha kumwagilia mchicha. Nikiteka asubuhi mpaka kikakaribia kukauka, maji yanarudi mbio mbio. Nikienda kupalilia nikarudi, naona yamekwama karibu na mahali pake pa siku zote, hayataki kumalizia. Kwa nini yanachoka?"

Salma alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Akaufunga. "Twende tukaone."

Tulikwenda. Tulikiteka kile kisima mpaka ndoo ikagonga matope, tukateremsha kamba yenye mafundo, tukakaa kwenye kingo zake watu watatu wazima kama watoto wanaochungulia kiota. Maji yakapanda mafundo mawili upesi sana. Salma hakueleza kitu.

"Kabla hatujapima tena," alimwambia Bi Mwanaidi, "wewe kisia. Muda kama huu ukipita, yatapanda mafundo mangapi?"

"Mawili."

Tukangoja, tukapima. Lilikuwa moja na kidogo. Bi Mwanaidi akainama juu ya kisima.

"Huko ardhini maji yamejaa mpaka pale pake pa siku zote," alisema polepole, kama anajisemea mwenyewe. "Kisima kikiwa kitupu, tofauti ni kubwa, yanasukumana kuingia. Kikikaribia kuwa sawa na ardhi, hakuna tena cha kuyasukuma." Akainua uso. "Ndiyo hivyo?"

"Sijui," Salma alisema. "Kama ndivyo, fundo linalofuata litachukua muda gani?"

Bi Mwanaidi alivua kandambili, akakaa vizuri kwenye ukingo, akaivuta ile kamba kutoka mikononi mwangu, akaishika mwenyewe.